Mguu wa Kuazima

Lango la Gereza Kuu la Isanzwa halijui jina la mtu yeyote. Linajua idadi tu. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi linapitisha macho yake kwenye nyayo zetu: za walio macho, wakiwa wamekaa uwanjani kwa mistari na miguu mbele, na za waliolala, zikiwa zimechungulia kwenye midomo ya droo zao. Kisha linalinganisha na idadi ya jana. Zikilingana, linafunguka. Zisipolingana hatoki mtu, awe askari aliyekesha zamu, awe dereva wa gari la taka, niwe mimi mwenyewe mkuu wa gereza.

Jumanne ile tulitakiwa tuwe watu elfu tisa mia nne na kumi na wanane. Lango likasema kumi na saba.

Nilikuwa na miezi minne tu tangu nirudishwe Isanzwa kuwa mkuu, na katika miezi hiyo nilijifunza upya jambo nililolisahau nilipokuwa nakalia viti vya makao makuu, kwamba gereza kubwa haliendeshwi kwa sheria. Linaendeshwa kwa uji. Uji ukichelewa nusu saa, wafungwa elfu nne na mia saba walio macho wanaanza kugonga sahani. Wakigonga sahani, askari wanashika virungu. Na uji haupikwi mpaka lori la maji liingie, na lori haliingii mpaka Lango lifunguke. Kwa hiyo mguu mmoja ukikosekana alfajiri, ikifika saa tatu kuna mtu amepasuka kichwa, na mimi ndiye wa kuandika maelezo.

Koplo wa hesabu alinijia mbio, akaniinamia sikioni, akauliza kama tuazime mguu.

Naomba nieleze, maana jambo hili halimo katika kitabu chochote cha kanuni. Lango huhesabu uwanja wa mashariki kwanza, kisha wa magharibi, na katikati zipo dakika mbili. Hesabu ikipungua, na askari wakiwa na hakika kwamba hakuna aliyetoroka ila kuna mtu amezirai mahali, humchukua mfungwa aliyekwisha hesabiwa mashariki wakamkimbiza magharibi, akanyoosha miguu yake mara ya pili. Lango linaridhika, lori linaingia, uji unaiva, na aliyezirai anatafutwa taratibu watu wakiwa wameshiba. Kila askari wa Isanzwa amewahi kufanya hivyo. Ukimwuliza atakuambia ni ubinadamu.

Nilimwambia koplo nikisikia neno hilo tena nitamvua cheo. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, maana alikuwa amesimuliwa kwamba enzi zangu nikiwa sajini hakukuwa na hodari wa kuazima miguu kama mimi, Nyamizi Maganga. Tulimpata mtu wetu saa moja kasoro, mpishi mmoja, ameanguka kifafa nyuma ya magunia ya maharage. Uji uliiva saa mbili. Sahani ziligongwa, lakini hakufa mtu.

*

Jumanne pia ni siku ya likizo. Ndivyo wafungwa wanavyoita kulazwa. Tangu miaka ya ukame sheria inataka kila mfungwa wa kawaida alale nusu ya kifungo chake, miezi sita macho na miezi sita droo, kwa sababu Isanzwa ina maji ya watu elfu tano na watu karibu elfu kumi. Aliyelala hutumia kikombe kimoja cha maji kwa siku, tena kwa mrija. Hapigani, hapeleki malalamiko, haugui tumbo. Wakubwa waliipenda sana sehemu hiyo ya ripoti. Hawakuandika kwamba aliyelala lazima ageuzwe kila baada ya saa nne asije akaoza mgongo, wala kwamba panya hupenda vidole visivyotikisika.

Nilisimama mlangoni mwa Ukumbi wa Kwanza nikiwatazama wakiingia. Walisukutua, wakavua, wakataniana kama wanafunzi wanaofunga shule. Mmoja aliniambia, "Bi Jela, tuonane masika," na nikacheka ingawa masika hatuyaoni tena. Kila mmoja alipita kwanza kwenye meza ya fundi kuhakikisha mwito wake. Dawa yetu ikishaufunga ubongo, dawa peke yake haiwezi kuufungua. Inabidi kuwe na sauti ambayo ubongo ulifundishwa kuifuata kabla ya kulala, sauti ile ile, maneno yale yale, ikirudiwa huku dawa ya kuamshia inapanda mwilini. Kila mfungwa huchagua ya kwake na kurekodiwa kwenye dirisha la wageni: mama anayeita, mke anayegombeza, na yupo mmoja aliyetuletea sauti ya ng'ombe wake. Akimaliza kifungo mwito wake unafutwa siku hiyo hiyo, kwa kuwa ni mali yake na si yetu. Nilipokuwa makao makuu nilikuwa miongoni mwa walioisifu sheria hiyo.

Niliporudi ofisini nilimkuta mwanamke wa miaka ishirini hivi amekaa kwenye benchi, viatu vyake vya mpira vimejaa vumbi la safari. Alinyanyuka, akanipa shikamoo, akasubiri nikae ndipo naye akae.

Alisema anaitwa Damari Zakayo, ametoka Mkinya, siku moja na nusu kwa basi. Baba yake, Zakayo Ntandu, alifungwa hapa miaka mitano kwa kutoboa bomba la serikali akanywesha ng'ombe. Kitabu cha gereza kinasema alitoka miaka kumi na moja iliyopita. Hakufika nyumbani. Siku ile mama yake alichinja kuku, wakangoja mpaka kuku akapoa, na Damari, aliyekuwa na miaka tisa, akalala mezani. Mama alikuja hapa mara tatu. Mara zote alionyeshwa alama ya dole gumba kwenye kitabu cha kuachiwa, na mara ya tatu askari mmoja akamwambia huku anacheka kwamba mwanamume akitoka jela ana njia nyingi za kwenda. Mama aliamini. Alichoma nguo za mumewe nyuma ya nyumba, na akafa mwaka juzi bila kutaka kulisikia jina lake.

Yote hayo aliyasimulia kwa utulivu, mikono juu ya mapaja. Alikuwa ameyasimulia mara nyingi mno kwenye ofisi nyingi mno.

"Simtafuti tena, afande," akasema. "Nataka barua tu, kwamba alitoka hapa akiwa hai. Mahakama itamtangaza kuwa amepotea, na mimi niache kumngoja."

Nilimwambia arudi Ijumaa. Alishukuru, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, nami nilitamani ardhi inimeze.

*

Barua niliiandika mwenyewe jioni ile. Ilikuwa mistari sita, na kila kilichokuwamo kilikuwa pia kwenye kitabu. Niliuchovya mhuri kwenye wino, nikaushika juu ya karatasi, nikaurudisha. Nilifanya hivyo mara nne. Mara ya nne mhuri uliacha tone la wino kwenye sketi yangu ya kazi, nikaanza kulia kama mjinga.

Miaka kumi na moja nyuma nilikuwa sajini wa hesabu katika Ukumbi wa Pili, ukumbi wa wale waliohukumiwa kulala moja kwa moja bila kuamshwa. Asubuhi moja wayo wa droo namba 614 ulikuwa wa baridi kabisa. Mwenye wayo, Sospeter Kidanka, kifungo miaka arobaini, alikuwa amefariki. Maiti Lango halimhesabu. Kanuni nayo inasema mfu hatolewi kwenye idadi mpaka daktari wa mkoa amguse kwa mkono wake na kutia sahihi, kwa sababu huko nyuma watu walighushi vifo wakatoroka. Daktari wa mkoa alikuwa safarini na angefika baada ya siku tatu. Siku tatu bila lori la maji.

Tungeazima mguu, lakini droo haidanganyiki kwa mguu wa mtu aliye macho. Wayo wa aliyelala una baridi yake, na Lango linaijua. Waliolala wote walikuwa kwenye droo zao, wamekwisha hesabiwa. Katika gereza zima alikuwapo mtu mmoja tu asiyehesabiwa popote. Zakayo Ntandu alikuwa amemaliza kifungo siku hiyo. Alikwisha weka dole gumba kitabuni, alikwisha tolewa kwenye idadi, na alikuwa amekaa kwenye benchi na kifurushi chake, akingoja Lango lifunguke aende kwao.

Sikumlazimisha. Hilo nimejiambia miaka yote kana kwamba ni sifa. Nilikaa karibu naye nikamweleza. Alitazama nje, ambako sahani zilikuwa zimeanza kugongwa. Wengi wa wale waliogonga alikuwa amekula nao miaka mitano. Aliuliza kama ni muda mrefu. Nikamwambia usiku mmoja tu, nikitumaini daktari atawahishwa, kesho asubuhi nitakuamsha kwa mkono wangu, na dozi ya usiku mmoja haihitaji mwito. Akaomba jambo moja, kwamba nitume mtu Mkinya akawaambie wasimsubiri na chakula. Nikasema nitatuma. Akakunja shati lake vizuri, akalala.

Sikutuma mtu.

Kesho yake daktari alikuwa bado njiani, na kumtoa Zakayo kungerudisha lile pengo. Siku ya tatu maiti alianza kunuka. Aliyekuwa mkuu wa gereza, ambaye sasa ni marehemu, akaamuru azikwe nyuma ya bustani, akampigia daktari kwamba asijisumbue, tatizo limekwisha. Na kweli lilikuwa limekwisha: idadi ilikuwa kamili, Lango lilikuwa wazi, maji yalikuwa yanaingia. Ndani ya droo 614 alikuwamo mtu ambaye kitabu kilisema yuko kwao, akipewa dawa ya Kidanka kwa jina la Kidanka, mpaka miaka arobaini iishe. Dozi ya siku tatu inahitaji mwito, na mwito wake ulikwisha futwa kwa mujibu wa sheria. Mkuu akaniambia, niachie mimi. Wiki ya pili nikapata barua ya kwenda kozi, na nyota mabegani.

Sikuuliza tena. Sikuuliza kwa sababu jibu nilikuwa nalo.

*

Jumatano nilikwenda Ukumbi wa Pili kwa mara ya kwanza tangu nirudi. Miezi minne nilikuwa nikimtuma naibu wangu, nikisingizia kifua. Fundi Tungaraza alinifungulia. Amekuwa fundi wa kumbi tangu kumbi zijengwe, na bado mwaka mmoja astaafu. Hakuniuliza ninataka nini. Alitangulia mpaka 614 akasimama pembeni.

Nilikumbuka nyayo za mchunga ng'ombe, zenye magaga ya kuingiza shilingi. Hizi zilikuwa laini, za mtoto mchanga. Miaka kumi na moja hazikuwa zimekanyaga chini. Kwenye kifundo cha mguu kulikuwa na kibandiko: Kidanka, S.

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Namgeuza mwenyewe, afande. Huyu simwachii mfungwa wa zamu. Hana hata kidonda kimoja."

Alilisema kwa namna ya fahari, kisha akaona aibu, akainama kukaza mrija uliokuwa umekazwa tayari. Tukakaa kwenye ngazi za chuma, nikamweleza habari za Damari. Yeye akanieleza mambo ya kitaalamu ambayo nilikuwa nayajua nusu nusu. Walioamshwa bila mwito ni watatu katika historia ya Isanzwa, na wote wako kwenye wodi yetu ya nyuma. Wanameza ukiwalisha, wanafumba macho ukiwasha taa. Ubongo umefunguka dirisha, mlango umebaki umefungwa. Mwito wa Zakayo aliukumbuka vizuri, maana aliucheza mara tano katika miaka mitano. Ilikuwa sauti ya mtoto wa kike: "Baba, amka, uji umeiva."

"Kwa hiyo yupo anayeweza kumwita," nikasema.

"Yupo mwanamke. Mlango ulipimwa kwa sauti ya mtoto. Sauti inakua, afande. Nikikupa nusu kwa nusu, nimekuwa mkarimu."

Wafungwa wa zamu walipita wakigeuza watu upande wa kushoto, mmoja baada ya mwingine, kwa ule mdundo wao wa kazi. Ndipo Tungaraza akasema:

"Hapo alipo ni mzima. Haumwi, hazeeki sana, hana habari kwamba ameibiwa. Ukimwamsha akafunguka, anaamka hana mke, hana ng'ombe, hana miaka kumi na moja. Asipofunguka umemwua. Sasa unamwamsha kwa ajili yake, au ni wewe unataka kulala vizuri?"

Nilimwambia sijui. Ilikuwa kweli. Nilikaa pale nikajaribu kulitenganisha jambo lake na langu, nikashindwa. Nikimwacha, nailinda kazi yangu na kuita huruma. Nikimwamsha, huenda naununua usingizi wangu kwa uhai wake. Kila upande nilioshika ulikuwa na alama za vidole vyangu.

Niliondoka nikiwa nimeelewa kitu kimoja tu. Mara ya kwanza nilimwamulia mtu nikiwa na haraka ya uji, na sasa nilikuwa karibu kumwamulia tena. Mwenye haki ya kuchagua alikuwa usingizini, na wa pili wake angerudi Ijumaa kuchukua barua.

*

Ijumaa hesabu ilikuwa kamili, Lango likafunguka, na Damari akaingia saa tatu. Nilifunga mlango wa ofisi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, maana sikuona haki ya kukaa. Nilianza na wayo wa baridi nikamaliza na mtu niliyeahidi kumtuma Mkinya nisimtume. Nilimwambia pia maneno ya Tungaraza kuhusu nusu kwa nusu, na kwamba barua aliyoitaka iko mezani, na kwamba akiitaka bado, nitaigonga mhuri na haitatoka siri hii, baba yake akaendelea kulala salama. Sikutaka aseme baadaye kwamba nilimficha hata njia hiyo.

Damari hakulia, wala hakuniinulia sauti. Alitazama barua, akaisoma yote, akaigeuza akatazama nyuma yake palipokuwa patupu.

"Anaota?" akauliza.

Nikamwambia hatujui.

Alitoka nje akaenda kukaa kwenye benchi la wageni, juani, mahali ambapo kivuli kilikuwapo hatua mbili tu pembeni. Alikaa mpaka saa tano, akatoka kwenda stendi mara moja, akarudi kukaa hapo hapo mpaka saa sita. Nilimwona dirishani, na kazi zilikuja kama kawaida: mafuta ya jenereta, wafungwa wawili walioumana kwa zamu ya beseni, upele uliozuka bweni la tano, gunia la maharage lililoingia na mawe. Nilitia sahihi kila kitu nilicholetewa. Sikumbuki hata kimoja.

Aliporudi alisimama mlangoni.

"Mama alikufa na kinyongo ambacho baba hakustahili," akasema. "Siwezi kumwacha baba alale humo na jina la mtu mwingine. Twende. Ila asipoamka vizuri nitamchukua hivyo hivyo, nimlishe mimi. Na akiamka vizuri, utamwambia wewe kwa mdomo wako. Mimi sitamwambia."

Nikasema sawa. Kabla ya kutoka nilifungua kitabu cha idadi, nikaandika kwenye safu ya siku hiyo: pungufu mmoja, Sospeter Kidanka, alifariki miaka kumi na moja iliyopita, amezikwa nyuma ya bustani, aliyeficha ni mimi. Nikaweka jina langu na cheo changu. Nilijua likishaingia hilo kitabuni, Lango lingejifunga, na hakuna atakayelifungua ila wakubwa wa makao makuu kwa mkono wao. Sikutaka nipate nafasi ya kubadili mawazo njiani, maana najifahamu. King'ora kililia tukiwa bado kwenye korido. Sahani zikaanza, mbili tatu kwanza, kisha uwanja mzima.

*

Tungaraza alikuwa amekwisha mtoa kwenye droo, amemlaza kwenye kitanda cha magurudumu. Alikuwa amekikata na kile kibandiko cha kifundoni. Zakayo alikuwa amekonda na ndevu zake zilikuwa nyeupe, ila uso haukuwa na makunyanzi. Damari alisita kidogo alipomwona, kisha akavuta stuli akakaa karibu na kichwa. Alikuwa amebeba shati jipya kwenye mfuko. Alilinunua stendi, akaniambia, akikisia ukubwa.

Sindano ya kwanza iliingia. Tungaraza akamwonyesha ishara aanze.

"Baba, amka, uji umeiva."

Sauti yake ilitetemeka, na mshale kwenye mtambo wa kupimia ubongo haukutikisika. Akarudia. Akarudia tena. Ilipita robo saa, ikapita nusu saa. Nje kelele ya sahani ilikuwa imezidi, na simu ya makao makuu ililia ofisini kwangu mpaka ikachoka. Tungaraza alinitazama akatikisa kichwa taratibu. Sindano ya pili ilikuwa ya mwisho. Baada ya hiyo macho hufunguka, awepo mtu nyuma yake au asiwepo.

Nilimwambia Damari maneno ni yale yale, lakini yeye anayasema kama mtu anayeomba. Nikamwuliza siku ile kwenye dirisha la wageni aliyasemaje. Akafikiri. Akasema siku ile alikuwa amekasirika. Baba yake alikuwa hodari wa kulala, kila asubuhi ilikuwa vita, na uji ukipoa mama anamgombeza yeye.

Basi akavuta pumzi, akaweka mkono kiunoni hapo hapo kwenye stuli, akamkaripia. Alimkaripia baba yake kwa sauti nyembamba ya puani, sauti ya mtoto aliyetumwa kumwamsha mtu mzima na amechoka kutumwa. Alirudia mara ya pili kwa ukali zaidi. Kwa mara ya kwanza machozi yalikuwa yakimtoka, ila sauti hakuiacha. Mshale ulipanda kidogo, ukashuka, ukapanda ukabaki juu. Tungaraza akaweka kiganja mdomoni.

Zakayo Ntandu alifumbua macho saa nane na dakika kumi mchana. Alitazama dari. Akatazama mikono yake. Kisha akanitazama mimi, na nikaona ananijua.

"Sajini," akasema kwa sauti iliyokauka. "Kumekucha?"

Alijaribu kukaa, Damari akamshika mgongo akamsaidia, naye akamshukuru kwa kumwita dada. Alidhani ni muuguzi. Akashangaa kelele za nje, akauliza kama watu hawajapata uji bado. Halafu akatabasamu, akageuza shingo kuelekea ulipo mlango wa ukumbi.

"Nimemsikia mwanangu," akaniambia. "Kumbe wamenifuata. Yuko dirishani? Mwambie anisubiri kidogo tu, nakuja."

Nilifungua mdomo. Niliahidi kusema na nilitaka kusema. Damari aliinua mkono kunizuia. Akatoa shati kwenye mfuko, akalikung'uta, akampa.

"Mwache avae kwanza," akasema.

Zakayo akalivaa. Vidole vyake havikuwa na nguvu, vifungo vikawa vinamponyoka, naye akavirudia kimoja kimoja kwa haraka, asije akamchelewesha mtoto.